Haki ya njia: Mwenye baiskeli haombi fadhila barabarani

 

Ndugu msomaji, wiki hii napenda tujifunze maneno mawili tunayoyatumia kila siku, lakini kwa kuyachanganya tunadhulumu na kudhulumiwa bila kujua. Maneno hayo ni haki na hisani. Haki ni kile ambacho mtu anastahiki, na akinyimwa amedhulumiwa. Hisani, au fadhila, ni kile ambacho mtu hupewa kwa ukarimu wa mtoaji, na akinyimwa hana wa kumdai. Baina ya hayo mawili kuna neno la tatu, nalo ni idhini. Hii ni ruhusa inayotolewa na mwenye mamlaka kwa masharti, na anayeyavunja masharti huweza kunyang'anywa.

Huenda ukashangaa kuona somo hili nalifundisha kwa kutumia baiskeli. Lakini hapa Singida baiskeli si chombo cha mazoezi wala cha starehe. Ndiyo inayompeleka fundi kazini na mwanafunzi shuleni. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, gunia la mkaa, gunia la alizeti na matenga ya kuku wanaosafirishwa kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Kwa familia nyingi za Mandewa, Misuna, Unyambwa au Mtipa, baiskeli ikiharibika siku hiyo na chakula kinakuwa mashakani. Hivyo tunapozungumzia baiskeli tunazungumzia riziki ya watu.

Katika darsa moja tuliyokuwa tukisoma baina ya magharibi na isha, mzee mmoja ambaye husafiri kwa baiskeli kila siku aliniuliza swali. "Ustadh," alisema, "gari linaponipigia honi nyuma yangu, mimi hushuka kwenye lami nikaingia kwenye mchanga na mawe. Je, nashuka kwa kuwa ni wajibu wangu kushuka, au nashuka kwa sababu naogopa kufa?" Baadhi ya wenzake walicheka. Mimi niliona kuwa mzee wangu huyu ameuliza suala la fiqhi, tena suala zito. Majibu niliyompa kwa ufupi usiku ule ndiyo ninayoyafafanua leo.

Njia ina haki

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a), Mtume (s.a.w) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomueleza kwamba hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwaambia kuwa ikiwa ni lazima wakae basi waipe njia haki yake. Wakamuuliza haki ya njia ni ipi. Akawatajia kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Tuizingatie hadithi hii. Kwanza, Mtume (s.a.w) ametumia neno haki. Anayezuia maudhi yake yasimfikie mpita njia ametekeleza deni, hajamfanyia mtu ukarimu. Pili, hakubagua baina ya apitaye kwa miguu, apandaye punda na apandaye ngamia. Haki ni ya njia yenyewe, na kila apitaye ndani yake anaipata. Tatu, haki hiyo ametakiwa kuitoa yule aliyekwishakaa, mwenye nafasi, kumpa yule anayepita. Yaani mwenye uwezo wa kuudhi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kuna hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a), ambayo inaeleza kuwa watu wakihitilafiana kuhusu upana wa njia basi iwekwe dhiraa 7. Maana yake ni kwamba tangu zama za Madina Uislamu uliona njia ni mali ya wote inayopimwa, isiachiwe kumegwa na mwenye nguvu. Na tunajua pia hadithi mashuhuri inayohesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi mojawapo la imani.

Wanazuoni wa fiqhi walipoyakusanya mafundisho haya waliweka kanuni kwamba kupita katika njia ya watu wote ni halali kwa kila mtu, kwa sharti la usalama. Hilo sharti la usalama ndilo moyo wa somo letu. Mtu ana haki ya kupita, lakini haki hiyo haifiki kwenye kumdhuru mwenzake apitaye.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria sawa na 1111 Miladia, katika kitabu chake cha Ihyaa ameandika juu ya munkari zinazofanyika barabarani. Ametaja mtu anayemfunga mnyama wake njiani mpaka njia ikawa finyu na wapitao wakapata taabu. Akasema huyo azuiwe, isipokuwa kwa muda wa kupanda na kushuka, kwa kuwa njia ni manufaa ya watu wote na hakuna mwenye haki ya kujimilikisha. Ametaja pia mwenye kupitisha mzigo wa miba katika njia nyembamba ukachana nguo za watu.

Badala ya mnyama weka gari dogo lililoegeshwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, limeziba pembeni yote ya barabara, mpaka mwenye baiskeli hana pa kupita ila katikati ya magari. Je, hukumu imebadilika? Mwenye gari yuko ndani, safu ya mbele, anasikiliza khutba. Nje anaacha munkari ambayo al-Ghazali aliiandika zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Nani mwenye haki, nani mwenye idhini?

Sasa turudi kwenye neno idhini. Mwenye kuendesha gari au pikipiki nchini kwetu anatakiwa awe na leseni. Anafanyiwa mtihani, analipa ada, anapewa kadi yenye daraja na muda wa kumalizika. Akivunja masharti anaweza kufungiwa. Hii ndiyo sura ya idhini. Serikali inamruhusu kuendesha chombo kizito chenye kuweza kuua, kwa sharti kwamba asiue.

Mwenye kutembea kwa miguu hana leseni. Hakuna ofisi inayotoa kibali cha kutembea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ambayo iliingiziwa haki za msingi mwaka 1984, inataja haki ya kuishi katika ibara ya 14 na uhuru wa mtu kwenda atakako katika ibara ya 17. Haikusema ni uhuru wa wenye magari. Na mwenye baiskeli yuko karibu sana na huyu wa miguu, kwani injini yake ni miguu yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua kuwa ni mtumiaji wa barabara, na inamwekea wajibu kama inavyowawekea wengine.

Lakini njoo barabarani uone mambo yalivyogeuzwa. Mwenye idhini amejifanya mwenye haki, na mwenye haki amefanywa mwombaji. Honi ambayo kazi yake ni kutahadharisha, imekuwa amri ya kumfukuza mtu. Dereva akipunguza mwendo kumpisha mama mwenye madumu ya maji, abiria humwona kuwa ni mpole mno, au kwamba amefanya ihsani. Naye mama hunyanyua mkono kushukuru. Kushukuru ni jambo jema katika dini yetu, wala sisemi aache. Ninachosema ni kwamba dereva asirudi nyumbani akihesabu kuwa leo ametoa sadaka, hali amelipa deni tu.

Katika Suratul Mutaffifin, mwanzoni kabisa, Allah (s.w) anawaonya wapunjao, ambao wanapopokea kwa watu hutaka kipimo kamili, lakini wanapowapimia wengine hupunguza. Sisi tumezoea kuisoma sura hii tukawafikiria wauza mchele na wanunuzi wa alizeti. Lakini dereva anayedai nafasi yake kamili ya kupita, kisha akampimia mwenye baiskeli kiganja kimoja cha lami, naye amepunja.

Lami imekuja na neema na mtihani

Watu wa Singida tunaijua neema ya lami. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma huingia mkoani kwetu upande wa Manyoni, ikapita Ikungi na Singida mjini, ikateremka Sekenke hadi Shelui, kisha ikaelekea Igunga na Nzega. Ndiyo njia ya malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Vipande vingi vya barabara hii vilivyokuwa vya vumbi na makorongo viliwekewa lami katika miaka ya 2000. Vitunguu vyetu, alizeti na kuku wetu vikapata soko la haraka. Alhamdulillah.

Hata hivyo, ilipokuwa ya vumbi, mashimo yalimlazimisha kila mtu kwenda polepole. Lami iliondoa mashimo, na mwendo ukapanda. Barabara ile ile iliyo njia ya malori ya nchi tatu ndiyo njia ya mtoto kwenda shule na ya mzee kwenda sokoni. Sheria imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na haikuwekwa kwa bahati nasibu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 50 hadi 100, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Mwenye gari ana mkanda na mwili wa chuma wa kumkinga. Mwenye baiskeli kinga yake ni shati alilovaa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni wale wasio na ngao.

"Ajali haina kinga"

Hapa ndipo tunapojificha nyuma ya methali. Mtu akigongwa tunasema ajali haina kinga, ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Hakika kila kitu ni kwa kudra Yake, na Muislamu haikanushi kudra. Lakini je, Allah (s.w) aliyekadiria ndiye huyo huyo aliyeweka hukumu juu ya mwenye kuua kwa makosa au ni mwingine?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, imewekwa hukumu kwa anayemuua muumini bila kukusudia. Anatakiwa kumwacha huru mtumwa muumini na kutoa diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na asiyepata uwezo wa kuacha huru mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Kama kuua bila kukusudia kungekuwa ni kudra tupu isiyo na dhamana, kafara na diya zingekuwa za nini?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, Juni 1993, lilijadili suala hili hili la ajali za magari. Likaamua kwamba kufuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayoyasababisha, ila pale ambapo sababu ni nguvu asiyoweza kuizuia au ni kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo dereva Muislamu anayekwenda kilomita 100 mbele ya shule asidhani kwamba anamvunjia sheria trafiki peke yake. Tochi ya trafiki anaweza kuikwepa. Hesabu ya Siku ya Kiyama haikwepeki.

Mwenye haki naye ana wajibu

Ingekuwa dhuluma nikimaliza somo bila kuzungumza na wapanda baiskeli wenyewe. Kanuni ya kupita kwa sharti la usalama inawahusu pia. Ibara ya 30 ya Katiba inaeleza kuwa haki na uhuru wa mtu havitumiki kwa namna ya kuvunja haki za wengine, na hili ndilo lile lile walilolisema wanazuoni.

Kwa hiyo baiskeli isiyo na breki ni munkari. Kuendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga ni kujitia katika maangamizi, jambo ambalo Qur'an imelikataza katika Suratul Baqara aya ya 195. Kuendesha upande wa kulia kukabili magari ni kosa. Kubeba mzigo wa kuni au wa mkaa uliotanuka mpaka unawapiga wapita kwa miguu ni ule ule mzigo wa miba alioutaja al-Ghazali. Na mwenye baiskeli anayewapigia kengele watoto kwa ukali kama anavyopigiwa honi yeye, amejifunza dhuluma akaiteremsha kwa aliye dhaifu kuliko yeye.

Kwa yule mzee wangu jibu lilikuwa hivi. Kama kuna nafasi salama pembeni na kumpisha mwenzio hakukudhuru, mpishe, na hiyo ni adabu njema. Kama kushuka kwenye lami kutakuangusha, huna wajibu wa kushuka. Wajibu ni wa aliye nyuma yako kusubiri mpaka apate nafasi ya kukupita kwa usalama. Ukishuka kwa kuokoa roho yako umefanya sawa, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Lakini ujue, na dereva naye ajue, kwamba uliachia haki yako kwa kulazimishwa. Haki ikiachwa kwa woga haigeuki kuwa ya mwingine.

Kipimo cha mambo mengine

Tukishalielewa hili barabarani, tunaweza kulipima katika mambo mengine ya kila siku. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka kwamba mjamzito, mtoto aliye chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza watibiwe bila malipo. Mzee aliyekwenda dirishani na kitambulisho chake hakwenda kuomba. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, mzazi aliyeuliza kwa nini bado anachangishwa hakuwa mkorofi. Raia anayehitaji barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa hatakiwi kumbembeleza mtendaji kama anayemkopa fedha. Jiulize maswali matatu. Je, nikinyimwa kitu hiki nimedhulumiwa? Je, anayekitoa anatoa mali yake au anatekeleza amana? Je, asiye na jina wala jamaa mkubwa anakipata sawa na mwenye navyo? Ukiona mtu anakipata kwa kujuana, basi hapo haki imegeuzwa kuwa upendeleo.

Tufanye nini?

Kulalamika peke yake hakutoshi. Katika miaka ya 1990 miji ya Dar es Salaam na Morogoro, pamoja na Nairobi na Eldoret za Kenya, iliingizwa katika mradi wa majaribio wa kuboresha usafiri usiotumia injini. Kwa hiyo njia za baiskeli na vivuko vya kupunguza mwendo si jambo geni kwetu. Dar es Salaam wapanda baiskeli waliunda chama chao, UWABA, wakadai njia salama kwa sauti moja. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, barabara ya Morogoro ilikuwa na nafasi iliyotengwa kwa miguu na baiskeli.

Nasi tuna milango. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Ipo mikutano ya mtaa na ya kijiji, na tuna madiwani. Tuhudhurie, tutaje mahali kwa jina: hapa panahitajika kivuko mbele ya shule, hapa lami imemeguka kingo, hapa hakuna alama ya mwendo. Ombi likiandikwa na kupelekwa lina uzito kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Na tuanzie kwetu. Kamati za misikiti ziweke vijana wawili au watatu wa kusimamia maegesho siku ya Ijumaa, njia ibaki wazi, na paandaliwe mahali salama pa kuegesha baiskeli. Makhatibu wazungumzie haki ya njia kama wanavyozungumzia haki ya jirani. Wenye mabasi, malori na bodaboda miongoni mwetu wawaambie madereva wao kwamba kuchelewa dakika kumi si hasara kulinganisha na roho ya mtu.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a), akiwa Madina, alihofu kuulizwa na Allah (s.w) juu ya mnyama atakayejikwaa katika ardhi ya Iraq kwa sababu hakumtengenezea njia. Huyo ni mnyama, tena wa nchi ya mbali. Sisi tutajibu nini juu ya binadamu, jirani yetu, tuliyempigia honi mpaka akaanguka mtaroni pamoja na tenga lake la kuku?

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwapa watu haki zao kabla ya kudaiwa, na atuepushe na dhuluma ndogo na kubwa. Wabillahi tawfiq.